Kesho Usipige Magoti kwa Niaba Yangu

Koku mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako uliye mbali. Hii siwezi kuianza hivyo. Wewe bado hujawa mbali, na jana asubuhi uliibonyeza miguu yangu kwa kidole gumba, ukaona shimo limebaki palepale, ukaacha kufunga begi. Ulitoa shuka zako mbili, ukazikunja upya, ukazirudisha kabatini, kisha ukaniuliza kama nitakunywa uji. Basi nianze na miguu.

Miguu yangu haikuvimba kwa sababu ugonjwa umenizidi. Imevimba kwa sababu tangu Jumapili hadi jana sikumeza dawa. Nilikuwa navitoa vidonge kwenye pakiti ukiniona, navitia mdomoni, nakunywa maji, halafu nikifika jikoni navitemea kwenye majivu. Hapo simama kwanza, ukasirike. Nakujua, hasira yako haina makelele, inaosha vyombo. Nenda kaoshe vyombo, halafu urudi uendelee kusoma.

Umerudi? Sasa zirudishe shuka kwenye begi. Leo asubuhi, ulipopanda gari kwenda Nshambya kumuaga shangazi yako, mimi nilijikongoja hadi zahanati. Nesi akanisikiliza kifua mbele na nyuma, akanipima presha, akaniuliza kama usiku ninaweza kulala chali, nikamwambia ninaweza. Akasema mapafu bado hayana maji, nimewahi. Nikamwuliza kama nimeze vya siku zote nilizoruka kwa mkupuo. Akanitazama kama mtu aliyeona nyoka. "Mama Koku, ukiruka umeruka. Unaanza upya na cha leo, kimoja kimoja kwa saa yake, na keshokutwa unarudi hapa nikuone." Nimemeza vya asubuhi mbele yake na vya mchana nimemeza sasa hivi, na hivi sikuvitema. Muulize yeye ukitaka, kwangu najua umeshapunguza imani.

Maagizo ya kawaida sitakupa. Kufua unajua, kupika unanishinda, na darasa la watoto wa kisiwa cha Goziba utalimudu wewe mwenyewe uliyesomea. Kuhusu hao vijana wa kambi za wavuvi, nadhani unajua nani apewe salamu na nani apewe kisogo. Nataka nikueleze kwa nini nilitema dawa. Mambo mengine unayajua, mengine ulikuwa chuoni na mimi nikayafukia, na mengine ulikuwa unaambiwa na watu wengine kwa namna yao. Nataka uyasikie kwangu.

Kwa kifupi, nilitaka kupiga magoti.

Unakumbuka mwaka ule nilipoanza kuhema nikipanda kutoka kisimani. Nikadhani uzee, nikadhani kahawa ya mwaka ule imenichosha. Kumbe presha ilikuwa imekaa mwilini miaka na mimi siijui, imeutumikisha moyo mpaka umelegea. Daktari wa Bukoba alikuwa binti mdogo, hajakuzidi sana, mwenyeji wa mikoa ya mbali huko. Alinichorea moyo kwenye karatasi, akasema moyo wangu unasukuma damu lakini mishipa imebana, kila pigo ni vita. Nikamwambia, yaani ni kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani, halafu njia ya shambani imezibwa na migomba iliyoanguka? Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Akasema, "Hasa, mama. Hizi dawa zinafyeka njia. Mzigo ni uleule, ila unapita." Nilimpenda binti yule. Ningemwuliza swali moja tu zaidi siku ile, tungeepuka mengi.

Dawa za kwanza zilinipa kikohozi kikavu. Bibi yako mzaa baba akanichemshia tangawizi, watu wakaanza kukaa mbali na mimi kanisani, na kila aliyeniona nikimeza vidonge kwa saa alikuwa na jibu lake tayari. Wewe umezaliwa Kagera hii, huhitaji kuelezwa, walidhani ni ule ugonjwa uliotumalizia watu. Nilipodhoofika kidogo ndiyo wakahakikisha. Daktari alipopima na figo, hakupendezwa na majibu, akanibadilishia. Akanipa hizi za sasa za kupanua mishipa, mara tatu kwa siku, pamoja na kile cha kutoa maji. Siku za mwanzo kichwa kiliniuma kama kuna mtu anatwanga ndani. Kikapoa. Akaniambia, "Usiinuke ghafla, mama. Dawa ikishafungua mishipa, ukisimama haraka damu inabaki chini na kichwa kinakosa. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ning'iniza miguu, halafu simama." Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Sikumwuliza kuhusu magoti. Niliona aibu. Niliona huyu binti si wa kwetu, pengine kwao mwanamke anasalimia wakwe huku amesimama na ndoo kichwani. Nitamwelezaje kwamba kwetu mimi nikifika kwa mama mkwe nashuka chini na magoti yote mawili, na kwamba bibi yako hasalimii kwa haraka? Anauliza umelalaje, anauliza za nyumbani, za kibanja, za mbuzi, za yule aliyeugua kule juu, na wewe uko chini unajibu kila moja, waitu, waitu, kwa heshima yote, mpaka aridhike mwenyewe. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu nilipoolewa. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu cha kumwambia daktari.

Basi Jumapili ya kwanza na dawa mpya, baada ya misa, bibi yako alikuwa na wageni. Nikaingia na kile kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, nikapiga magoti, nikamsalimia kila mmoja, nikawapitishia kikapu huku natembea kwa magoti kama ipasavyo. Halafu nikainuka. Nakumbuka niliona ukuta unageuka mweusi kuanzia pembeni. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwenye miguu ya mgeni, kahawa zimetapakaa sebule nzima, moja imeingia kwenye chai ya katekista. Na sauti ya kwanza niliyoisikia ni ya Ta Deo, baba yako mdogo, anasema, "Mama Koku ameanza lubisi asubuhi yote hii?"

Watu wakacheka. Na mimi, mwanangu, nikacheka pamoja nao. Nikasema nisameheni, nilionja kidogo.

Unajua maisha yangu yote sijapenda hata harufu ya lubisi, ndizi zilizochacha zile. Lakini fikiria hapo nilipokuwa. Baba yako alipofariki ukoo ulikaa kikao, wakaniambia nibaki kwenye kibanja nitunze migomba na kahawa yao. Hawakusema mpaka lini. Ta Deo tangu siku ile akipita njiani anakipima kibanja kwa macho, kutoka mti wa mpaka hadi mti wa mpaka, na mimi namwona. Mjane mlevi analima, anaimba, anachekwa, maisha yanaendelea. Mjane mwenye moyo mgonjwa, nani atamwachia shamba? Wangesema apumzike, arudi kwa kaka zake, na kwa kaka zangu unajua hapakubaki hata pembe ya kuweka mkeka. Nikachagua ulevi.

Jumuiya ya kanisani wakaja nyumbani kuniombea niache pombe. Wamama wote wale, na vitambaa vyao vyeupe, wamenizunguka. Mama Joanitha alilia machozi ya kweli. Nikaitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Wakati ule nilijiona mjanja, hata leo nikikumbuka kile kilio cha Mama Joanitha nacheka mpaka nabanwa. Lakini baada ya kuondoka, nilikaa chini nikaona mlango umejifunga nyuma yangu. Dawa ndiyo inanipa pumzi ya kulima, na kulima ndiko kunaniweka kwenye kibanja. Magoti nayo ndiyo yananiweka kwenye ukoo, na dawa na magoti havikai nyumba moja. Popote nilipogeuka niligonga ukuta.

Nikapata akili yangu ya shambani. Nikasema, dawa nitameza siku za kawaida. Siku za magoti sitameza.

Ukiangalia haraka ni mpango mzuri. Jumapili siku moja, mgeni akija siku moja. Na kweli, nikiacha vidonge asubuhi, nilikuwa napiga magoti na kuinuka bila kuona giza. Nikajisifu. Tatizo ni kwamba kwetu siku za magoti hazina idadi. Kuna kumpelekea ndizi mkwe, kuna komunyo ya mtoto wa fulani, kuna kuposa, kuna mgonjwa karudi kutoka hospitali. Halafu ukaja ule msiba wa Kamachumu, wa kaka yake bibi yako. Tulikaa matanga, wakwe watupu, wazee watupu, kila anayeingia unashuka chini. Pakiti ya dawa niliisokota ndani ya kanga, sikuigusa mpaka tulipoondoa matanga.

Ulinikuta mwenyewe. Ulirudi kutoka chuoni kwa msiba huo, ukanikuta nyuma ya nyumba nimeegemea mgomba, nimekaa wima, maana nikilala nilikuwa nazama. Viatu havinienei. Nikajikaza kisabuni, nikakwambia ni uchovu wa msiba. Ukanishika mguu, ukabonyeza. Hapo ndipo ulipojifunza kubonyeza, na tangu siku hiyo kila asubuhi ukiwa nyumbani, kabla hujanawa uso, unanibonyeza miguu. Sijui kama unajua kwamba mimi huwa nakuwa macho tayari, nakusubiri, nakodolea dari huku naomba lisibaki shimo.

Wodini Bukoba, baada ya sindano za kutoa maji, daktari wangu mchoraji alikuja akakaa kitandani kwangu. Nikamweleza yote, magoti, kahawa, katekista na chai yake. Hakucheka safari hii. Akasema, "Mama, kwa nini hukuniambia? Ningekupangia saa, ningepunguza dozi tuangalie, ningekuandikia hata ukae kwenye kiti. Dawa hii haina siku ya mapumziko. Ukiiacha, moyo unarudi kwenye njia ileile iliyozibwa, na kila unaporudi unarudi ukiwa umechoka zaidi." Nikamwambia hata uniandikie, bibi yetu hasomi karatasi za hospitali. Akasema, "Basi umwambie kwa mdomo." Niliona hajui anachosema.

Wewe ulimwambia. Mimi nilikuwa bado naogopa, nimejilaza chumbani, nakusikia ukutani. Ulisema, "Bibi, waitu, Mama haachi kupiga magoti kwa dharau. Ni dawa za moyo, zinamwangusha akiinuka." Bibi yako akasema lile neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Dawa gani inakataza adabu?" Ukamweleza mishipa, ukamweleza pampu, mwalimu mzima na ubao wako. Mwisho akatoa hukumu yake. Alisema sawa, mama yako asipige. Wewe utapiga kwa niaba yake.

Nikashukuru Mungu, Koku. Nilisikia hukumu ile nikiwa nimelala, nikavuta pumzi ndefu, nikasema nimepona. Sikuona kwamba nimetoka kwenye shimo langu kwa kukuingiza wewe.

Tangu hapo tukienda kwa bibi unashuka mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili yako. Unainuka, unasogea hatua moja upande wangu, unashuka tena kwa ajili yangu, unajibu maswali yangu kwa kinywa chako, za kibanja changu, za mbuzi wangu, na mimi nimesimama nyuma yako mikono mbele kama mtuhumiwa. Watu wamezoea. Watoto wanaona ndivyo ilivyo. Nafasi ya Karagwe ilipokuja, ile shule iliyokutaka kabisa, ulikwenda kuitazama ukarudi ukasema maji ni ya shida kule. Nikaamini. Sikuamini, ila nilikubali kuamini, maana wiki ile kulikuwa na harusi ya mtoto wa Ta Deo na nilikuwa nawaza nani atanipigia magoti.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuanguka, kuliko wodi, kuliko kuitwa mlevi. Nilijua, nikakaa kimya, nikakuongezea mboga kwenye sahani.

Sasa imekuja Goziba, na safari hii serikali yenyewe imekupanga. Ajira hizi wenzako wanazisubiri mpaka mvi zinaota. Ukiikataa, nyingine hujui. Nikajiambia, kesho wakati wa kuagana, mbele ya ukoo wote, mimi Mama Koku nitapiga magoti yangu mwenyewe. Nitashuka, nitajibu maswali yote ya bibi yako, nitainuka bila kuyumba, na mtoto wangu ataniona, na ataondoka moyo wake mweupe. Ili niweze, ilibidi dawa ziishe mwilini. Nikaanza kuzitema Jumapili. Ulipokuwa shambani nilikuwa nafanya mazoezi kule chumbani kwangu, nashuka, nainuka, nashuka, nainuka, nimefunga mlango kama mwizi. Na niliweza! Ungeniona ungecheka.

Halafu jana miguu ikanisaliti, na wewe ukatoa shuka kwenye begi.

Nitakwambia na hili, maana nimeshaanza. Ulipozirudisha zile shuka kabatini, kabla sijaona aibu, nilifurahi. Dakika nzima. Niliona kila asubuhi unakuja kunibonyeza mguu kama kawaida, naona Jumapili tunakwenda kwa bibi pamoja, naona sitabaki peke yangu na Ta Deo na miti yake ya mpaka. Mama yako ndiye huyo pia. Kama siku moja huko kisiwani utajikuta unafurahia kwamba mtu ameshindwa kukuacha, ujue tabia hiyo hukuiokota mbali.

Nilipotoka zahanati leo sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwa bibi yako. Alikuwa uani anapukuchua maharage. Nikavuta kiti, siyo mkeka, kile kiti cha ubavuni ambacho wanakalia wanaume, nikakiweka mbele yake nikaketi. Jasho lilinitoka mwanangu, utadhani nimevua nguo hadharani. Nikasema, "Mama, shikamoo, waitu."

Hakuitika. Aliendelea kupukuchua.

Nikasema, "Mama, nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtoto. Moyo wangu unaumwa. Utaumwa mpaka nife. Siyo lubisi, sijawahi kunywa lubisi, na siyo kile wanachosema kanisani. Dawa zinanisaidia, lakini nikishuka chini na kuinuka, naanguka. Nimejaribu kuziacha, karibu nife Kamachumu. Sitaziacha tena."

Akachukua ganda lingine. Akasema, "Koku anaondoka kesho?"

"Anaondoka, waitu."

"Na mimi atanisalimia nani?"

Muda wote huu namwona bibi yako kama ukuta, na kumbe nyuma ya ukuta kuna mtu amekaa anasubiri asubuhi, asikie magoti yakigusa sakafu, aulize za mbuzi. Wajukuu wengine wako mijini, wakija wanampungia mkono kutoka kwenye gari. Uliyebaki ni wewe. Nikamwambia, "Mimi nipo. Nitakuja kila siku."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Umekaa," akasema.

"Nimekaa, Mama."

Akarudi kwenye maharage yake. Shikamoo yangu ilibaki hapo kati yetu juu ya maganda. Na ili mambo yatimie vizuri, nani akapita njiani? Ta Deo, na panga lake. Akasimama, akanitazama nilivyoketi kwenye kiti kama mwenyekiti wa kijiji, akasalimia, akaenda zake kwa mwendo wa mtu mwenye habari. Mpaka utakaporudi jioni ukoo utakuwa umeshanijadili na kunimaliza. Wengine watasema nimepanda kichwa. Wengine watasema mgonjwa apumzike. Sijui kibanja hiki kitakuwa mikononi mwa nani ukirudi likizo, na sitakudanganya kwamba najua. Nimekaa hapa mezani nimetazama migomba niliyoipanda na baba yako na naona bado nimebanwa vilevile, ila sasa nimebanwa kwa jina langu. Hata pumzi naona ni nyepesi kidogo, ingawa nesi atasema ni kile kidonge cha maji.

Ukipata ugonjwa, hata wa tumbo, sema. Usingoje watu wakuchagulie jina. Na ukiona mtu anaogopa kukuuliza swali, muulize wewe kwanza, watoto wa darasani hasa. Nilikuwa mbele ya daktari mwenye akili na huruma, na ugonjwa wangu wote ulikuwa umekaa kwenye swali moja la magoti, nikarudi nalo nyumbani. Basi, mengine utajifunza kwa makosa yako, yangu yanatosha kitabu.

Sasa sikiliza la kesho. Gari la Kemondo, la kukupeleka bandarini, litapita mapema. Bibi yako atakuwa mlangoni kwake na watakuwepo wengi, maana wamesikia kuna la kuona. Utapiga magoti yako. Yapige vizuri, kwa mapenzi, jibu kila anachouliza, huyu bibi amekulea. Halafu utainuka, na hutasogea ile hatua moja upande wangu. Mguu wako umeshaizoea, utataka kwenda wenyewe. Uzuie. Kesho usipige magoti kwa niaba yangu, hata bibi akinyamaza, hata Ta Deo akikohoa, hata mimi nikikutazama kwa macho ya kuomba. Usiyaamini macho yangu kesho.

Mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti. Nitamsalimia nikiwa nimekaa, kwa sauti ya kusikika. Akiitika, utasikia ukiwa hapo. Asipoitika, keshokutwa asubuhi nitamsalimia tena, na mtondo tena, yeye hana pa kwenda na mimi sina.

Gari likija, panda. Na ukigeuka dirishani ukaniona bado nimekaa wakati wenzangu wote wamesimama kukupungia mkono, usimwambie dereva asimame. Usirudi kuniinua. Nitakuwa nimemeza dawa yangu, nimeweka miguu chini, nangoja kichwa kitulie. Ninainuka hivyo siku hizi, mpola mpola. Gari likifika kwenye kona ya kanisa, geuka tena, utaniona nimesimama.

Mama yako